Kikivunjika, Hakuna Ugomvi

Kibao kilikuwa kizuri. Hilo hata wasiompenda Mahona walikubali. Twaibu, fundi wa kuchora maandishi karibu na stendi ya Bariadi, alikipaka rangi ya bluu iliyokolea, akakizungushia mstari mweupe, kisha akaandika kwa herufi zenye vivuli kama za benki: MAHONA GENERAL ENTERPRISES. Chini yake akaongeza: WATOAJI WA HUDUMA BORA NA ZA KISASA KWA MAENDELEO YA JAMII. KARIBUNI WOTE. Kikapigiliwa misumari juu ya mlango wa chumba cha mbele cha nyumba yao. Watu waliokuwa wakielekea sokoni walikisoma, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaenda zao.

Ndani ya chumba hicho sahani za udongo zilipangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Kulikuwa na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, majagi, glasi, vijiko ndani ya ndoo, mabenchi, na maturubai mawili yaliyokuwa bado yananuka upya. Vyote vilikuwa vya kukodisha kwa wenye harusi na misiba. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua.

Generoza, mke wa Mahona, ndiye aliyeshinda pale mlangoni, kwenye kigoda, akisuka ukili huku akipokea wageni wa kibao. Kijana mmoja alikuja na barua ya kuomba kazi, ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Mama mmoja alimleta mtoto mwenye majipu, maana alisikia huduma za kisasa akadhani ni zahanati. Wakulima ndio waliokuja zaidi. Enzi hizo biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila mtu mwenye mizani alijiita kampuni. Kwa hiyo mkulima akiona kibao kipya aliuliza bei ya kilo kabla hata ya kusalimia.

"Hatununui pamba, baba," Generoza alikuwa akijibu.

"Mnafanya nini, basi?"

"Tunakodisha vyombo. Sahani, masufuria."

Hapo mkulima alikitazama kibao tena, akamtazama Generoza, akaona kwamba mmoja kati ya hao wawili anadanganya. Kwa kuwa kibao kilikuwa na rangi nzuri, alikiamini kibao.

Mahona mwenyewe hakukaa pale mbele. Alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba mpaka kinu kilipobadilisha wenyewe na watu wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake ndicho kilichogeuka sahani. Wazo lilikuwa la mke wake, aliyezoea kuitwa kupika kwenye shughuli za watu na kuona jinsi wenye shughuli wanavyohangaika. Mahona alikubali, akaenda Mwanza, akaleta mzigo. Lakini tangu mzigo uingie ndani alikuwa na kazi nyingi za uani: kuziba banda la kuku, kunoa majembe, kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa imeharibika.

*

Kaka yake Mahona, Ngeleja, alifika siku moja mchana, jasho likimtiririka, fimbo ya kuchungia ikiwa begani. Hakuketi kabla ya kuchungulia chumba cha mbele.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, ingawa uso wake ulionyesha kwamba mambo si salama hata kidogo. "Bado ziko zote?"

"Ziko."

"Hazijaongezeka?"

Generoza aliinua macho. "Zitaongezekaje?"

"Ndiyo nauliza. Ng'ombe ungemwacha ndani miezi mitatu, ungemkuta na ndama. Sahani haizai, shemeji."

Mahona alitokea uani akifuta mikono kwa tambara. Walikaa kwenye mabenchi mapya ya kukodisha, kwa kuwa ndiyo viti vilivyokuwa karibu, na Ngeleja akasema kilichomleta. Huko Maswa kuna mtu anajenga gesti. Anataka vyombo vyote kwa mkupuo mmoja, sahani hadi vijiko. Hatatoa bei ya Mwanza, lakini atatoa. Atakuja na pikapu yake siku inayofuata mnada, baada ya wiki mbili. Fedha hiyo, Ngeleja alisema, ingeingia mnada wa ng'ombe na kutoka na mitamba.

"Mimi sikulaumu," alimwambia mdogo wake kwa sauti ya upole, na upole ule ulichoma zaidi kuliko lawama. "Watu wanaposikia nina ndugu aliyefanya kazi na mashine, wananiuliza sasa yuko wapi. Nawaambia yuko mjini. Nikiulizwa anafanya nini, nabaki nakohoa."

Mahona alitazama chini. Generoza aliona vidole vyake vikisokota lile tambara.

"Ikifika siku hiyo hakuna mteja," Mahona alisema, "aje achukue."

Hakumtazama mke wake aliposema hivyo. Ngeleja alikunywa maji, akashukuru, akaondoka.

*

Jumamosi iliyofuata Generoza alikwenda Ngulyati kupika kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, Justina. Alipofika alikuta kila kitu kimeshaazimwa. Sahani za nyumba saba zilikuwa zimechanganywa juu ya mkeka, kila moja ina alama ya mwenyewe chini: nyingine nukta ya rangi ya kucha, nyingine herufi iliyokwaruzwa kwa msumari. Alifunga kanga kiunoni, akaanza kazi. Mumewe alikuwa amemwomba asiwatangazie shemeji zake habari za sahani mpaka biashara isimame. Kwa Justina alikuwa amesema tu wamefungua huduma mjini.

Harusi ilikwenda vizuri. Bwana harusi alikuwa na adabu, padri hakuchelewa, wali ulitosha. Shida ilianza bibi harusi alipokwisha kuondoka, vyombo vilipokuwa vinarudishwa kwa wenyewe. Bakuli moja la mfuniko, lenye maua ya njano, halikuonekana.

Mwenye bakuli alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alisema hana neno, bakuli si kitu, ila lilikuwa la marehemu mama yake. Mama mwingine akasema yeye aliona limebebwa na upande wa wifi. Wifi akauliza, upande upi wa wifi? Sauti zikapanda. Mtu akakumbusha sufuria lililotoboka kwenye msiba wa mwaka juzi, na ambaye mpaka leo hajalilipa yuko hapa hapa anajifanya haoni. Kufikia jua linapinda, wanawake waliokuwa wamecheza pamoja asubuhi walikuwa wanaondoka kila mmoja na njia yake, sahani kichwani, bila kuagana.

Justina aliketi juu ya kinu cha kutwangia kilicholazwa chini, akalia.

"Nimeoza mtoto, Generoza. Siku niliyoiomba kwa Mungu. Badala ya kubaki na furaha, nimebaki na kesi ya bakuli."

Generoza alikaa kando yake. Aliiona aibu ile yote, na akaona pia jinsi ambavyo ingeweza kuzuilika.

"Dada, laiti ungechukua vyombo kwangu."

"Vyombo gani?"

"Vya biashara yetu. Nyumba imejaa."

Justina alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mimi nilipita kwenu siku ya soko, ulikuwa umetoka. Nimesoma kibao chenu chote. Nilijua mmepata ofisi ya maendeleo. Nikasema hawa sasa wamekuwa wakubwa, nisiwasumbue." Akamgeukia Generoza. "Kwa hiyo hizo huduma za kisasa ni sahani?"

"Ni sahani."

Justina alianza kucheka huku machozi hayajakauka, na Generoza naye akacheka, ingawa kicheko chake kilimkwama njiani. Kama dada yake wa tumbo moja hakuelewa, ataelewa nani?

"Lakini ningekuja kukodi," Justina alisema walipotulia, "watu wangesema nini? Kwamba mama wa bibi harusi hana hata jirani wa kumwazima sahani?"

Neno hilo Generoza alirudi nalo Bariadi.

*

Mahona alikuwa anamwagilia mchicha. Generoza alimweleza habari za bakuli tangu mwanzo, kisha akasema wakibadilishe kibao.

"Kina nini?"

"Hakisemi tunachofanya."

"Kinasema tunatoa huduma."

"Padri anatoa huduma. Mganga anatoa huduma. Sisi tuna sahani, Baba Salu. Mbona neno sahani halimo?"

Mahona aliweka chini kopo la maji. Alikuwa mwanamume mpole, asiyejua kugombana, na alipokosa jibu alikuwa na tabia ya kukunja mikono ya shati polepole, mkono mmoja kisha mwingine. Generoza alimtazama akikunja, na jambo alilokuwa hajalitambua kwa wiki zote zile likamjia.

"Uliandika vile ili watu wasijue," alisema, bila ukali.

Mahona alimaliza kukunja mkono wa pili. "Pale kinuni," alisema, "mashine ikisimama, walikuwa wananiita hata nikiwa kanisani. Meneja mwenyewe alikuwa anasimama pembeni kunishikia spana. Sasa niandike juu ya mlango wangu kwamba mimi ni mtu wa sahani?"

"Nisingekuambia uandike jambo la aibu."

"Si aibu kwako. Wewe ni mwanamke, vyombo ni vyako."

"Basi liandikwe jina langu."

Alifikiri angekataa. Lakini labda Mahona alikuwa amechoka kuziba banda la kuku lisilovuja. Alichukua kopo, akarudi kwenye mchicha. "Nenda kwa Twaibu," alisema. "Kikiharibika kibao, siku zenyewe zimebaki chache."

*

Twaibu aliupokea ujumbe kama mtu aliyetukanwa.

"Nifute kazi ile? Mama, watu wamekuja kutoka Maswa kuangalia vile vivuli vya herufi."

"Wamekuja kukodi?"

"Wamekuja kuangalia."

"Ndilo tatizo langu, fundi."

Alimwambia maneno aliyoyatunga njiani: VYOMBO VYA KUKODI. Twaibu alikunja pua. Kibao bila Kiingereza, alisema, ni kama kanzu bila darizi. Generoza hakubishana naye. Aligeuka kwa mama muuza nyanya aliyekuwa ametandaza mafungu yake kando ya kibanda cha Twaibu.

"Mayu, ukiona mahali pameandikwa vyombo vya kukodi, unaelewa nini?"

Mama wa nyanya alifikiri, akalamba midomo. "Naelewa vizuri. Ni mahali pa watu wasio na ndugu."

Twaibu alicheka. Generoza hakucheka; alikuwa ameyasikia maneno yale yale Ngulyati, ila sasa yalikuwa makavu zaidi. Aliketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa. Watu hawakukosa sahani. Sahani zilikuwa kila nyumba. Walichokuwa wanakosa kilikuwa kitu kingine, kile kilichomliza Justina juu ya kinu.

"Na hivi je," alisema mwishowe. "Vyombo vya harusi na msiba. Kikivunjika, hakuna ugomvi."

Mama wa nyanya alikuwa akipanga fungu. Mkono ukasimama. Kisha akaweka nyanya chini na kujipiga paja.

"Ungeyasema hayo nilipozikwa mama mkwe! Yaani, alipozikwa. Mimi na mke mwenzangu hatusalimiani mpaka leo kwa ajili ya jagi. Jagi la plastiki! Hapo ni wapi, mwanangu?"

Generoza alimgeukia Twaibu. Fundi alikuwa ameshachukua brashi, lakini alikuwa bado anahuzunika.

"Hata neno moja la Kiingereza?"

"Hata moja."

"Na vivuli?"

"Vivuli weka," Generoza alisema. "Vinapendeza."

*

Kibao kiliporudi, Mahona alisimama mbele yake muda mrefu. VYOMBO VYA HARUSI NA MSIBA. KIKIVUNJIKA, HAKUNA UGOMVI. Chini, kwa herufi ndogo: MULIZIE MAMA SALU. Twaibu alikuwa amesahau herufi moja kwenye "muulizie," lakini hakuna aliyemwambia.

"Hakuna ugomvi," Mahona alisoma. "Maana yake wakivunja hawalipi?"

"Hawalipi. Tutapandisha kidogo bei ya kukodi, ibebe na hasara."

"Na wakivunja nyingi?"

"Watu hawaendi msibani kuvunja sahani."

"Mama Salu, maneno ya mwanzo yalikuwa hayana mahali pa kukushika. Haya yana mpini. Mtu atakuja siku moja aushike, avute."

"Ndiyo," alisema Generoza. "Ndiyo maana watatuamini."

Hakuwa na hakika kama alivyosema. Usiku ule alihesabu sahani kichwani mpaka usingizi ulipomchukua.

Watu walipita, wakasoma, wengine wakacheka. Mzee mmoja alisimama na baiskeli, akauliza kama na ugomvi wa mashamba wanautatua. Siku mbili zikaisha, ya tatu ikaanza. Kwenye saa tano asubuhi mwanamke aliyejifunga ushungi mweusi aliingia, akasalimia kwa sauti ya watu wa Ujiji, akabaki anaangalia sahani kana kwamba anaziomba ruhusa.

Aliitwa Rehana, mke wa Mtoro, muuza vitenge wa pale sokoni. Mama mkwe wake alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa inakaribia.

"Nimekaa hapa mwaka wa pili," alisema. "Majirani zangu wazuri, sisemi. Ila kila mmoja ana wifi na shemeji wa kumwazima, na mimi sina hata mmoja. Nikichukua sahani zao, moja ikapotea, nani atasema imepotea? Watasema wageni wameiba." Akaangalia juu ya mlango, kilipopigiliwa kibao kwa nje. "Yaliyoandikwa pale ni ya kweli, dada?"

"Ni ya kweli."

Rehana alisita, akashusha sauti. "Usinielewe vibaya. Hivi vyombo vimewahi kupikiwa au kutiwa nguruwe?"

"Mama," Generoza alisema, "havijawahi kutiwa hata ugali. Wewe ndiye wa kwanza."

Ilikuwa mara ya kwanza ukosefu wa wateja kumsaidia. Rehana alitabasamu. Wakakubaliana bei, na Generoza akaahidi kwamba sahani zile zitatengwa, zisitumike kwa nguruwe hata siku za mbele. Siku ya arobaini ilipotajwa ndipo alipogundua kwamba ni ile ile ambayo mtu wa Maswa angekuja na pikapu yake. Mahona alipoambiwa, alikunja mkono mmoja wa shati tu, wa pili akauacha.

*

Asubuhi ya arobaini Mahona alivuta mkokoteni mwenyewe hadi kwa Mtoro, akafunga maturubai. Kazi ya kamba na nguzo aliipenda. Alizikaza mpaka turubai likawa halina hata mkunjo, na wazee waliokuja mapema walimsifu, wakamwita fundi. Generoza alikaa upande wa wanawake akisaidia kupanga. Dua ikasomwa. Harufu ya pilau ikasambaa uani.

Mbuzi mmoja alikuwa amebaki, amefungwa kwenye mguu wa benchi. Juu ya benchi hilo zilikuwa sahani zilizokwisha kuoshwa, tayari kwa kupakulia pilau. Mfuniko wa sufuria ulimponyoka mpishi ukalia kwenye sementi. Mbuzi akaruka. Benchi likamfuata, na sahani zote zilizokuwa juu yake zikashuka kwa pamoja.

Kelele ile iliwanyamazisha hata watoto. Sahani chache zilibaki nzima zikiyumba yumba chini, kisha nazo zikatulia. Karibu theluthi ya sahani zote ilikuwa vipande vipande.

Rehana alitoka jikoni, akasimama mikono ikiwa kichwani. Mtoro akaja nyuma yake. Na kama vile siku hiyo ilikuwa inasubiri kujaa, pikapu nyeupe ikasimama nje ya uzio, Ngeleja akashuka na mtu mnene mwenye koti. Walikuwa wamekuta chumba cha mbele kitupu, wakaelekezwa huku.

Mtu wa Maswa aliangalia vile vipande, akapiga mluzi. "Mimi nilikubali zote," alisema. "Hizi zilizobaki ni bei nyingine."

Ngeleja alimvuta mdogo wake kando, lakini hakuwa mtu wa kunong'ona, na Kisukuma chake kilisikika hadi jikoni. "Bahati yako. Huyu ana duka. Atalipa zote, na zilizobaki tunauza leo. Unatoka salama."

Mtoro mwenyewe alikuwa ameshatia mkono mfukoni. "Mzee Mahona, nimeona. Taja bei nilipe. Sitaki maneno kwenye arobaini ya mama yangu."

Uani kote watu walikuwa wanatazama. Wanawake wa mtaa, wale wenye wifi na shemeji, walikuwa wameacha kufuta masinia. Generoza alisimama penye vipande. Alijua neno la kusema, lakini alijua pia kwamba likitoka kwake litakuwa lake peke yake.

Mahona aliziangalia sahani, akamwangalia kaka yake, akaangalia mkono wa Mtoro uliokuwa bado mfukoni. Kisha akachuchumaa, akaokota kipande kikubwa, akakitia ndani ya debe lililokuwa karibu. Akaokota kingine.

"Bwana Mtoro, kibao chetu ulikisoma?"

"Alikisoma mke wangu."

"Basi hapa hakuna deni." Aliendelea kuokota. "Toa mkono mfukoni. Watu wako wanasubiri. Chakula kisipoe."

Halafu mwanamke mmoja wa mtaani alikuja na ufagio, mwingine akaja na ungo, wakamwambia Mahona aondoke, hiyo si kazi ya mwanamume. Hakuondoka. Waliokota pamoja. Masinia yakatosha kwa wanaume, wanawake wakala wawili wawili, na ile sahani ya kushirikiana ikawapa cha kuchekea. Rehana alipita mbele ya Generoza akiwa na jagi la maji ya kunawa. Badala ya kusema asante, akammiminia maji mikononi mpaka yakamwagikia miguuni.

Mtu wa Maswa hakusubiri pilau. Pikapu iliondoka, na katika vumbi lake alibaki Ngeleja, kwa kuwa walishindana maneno kuhusu nauli.

*

Jua lilipopoa walipakia vilivyobaki. Mahona alishika mbele ya mkokoteni, Generoza ubavuni, na Ngeleja, kwa kukosa la kufanya, alisukuma nyuma.

"Umekuwa tajiri lini?" aliuliza.

"Sijawa," Mahona alisema. "Za udongo hatununui tena. Tutanunua za bati."

"Kwa fedha ipi?"

"Hiyo sijui bado."

Generoza hakuingilia. Alikuwa anaijua hasara ile vizuri kuliko wote wawili. Ingewachukua shughuli nyingi kuirudisha, na huenda wasiipate yote. Hata hivyo, kifua chake kilikuwa chepesi kwa namna ambayo hakuweza kuieleza.

"Ninyi! Ninyi wa vyombo!"

Wakasimama. Bibi kizee mmoja, aliyekuwa akiosha masufuria pale kwa Mtoro, alikuwa anawafuata kwa mwendo wa haraka kiasi alichoweza, mikono bado ina majivu. Mahona aligeuka alipoitwa hivyo, akaitika, "Naam, mayu."

"Nina mjukuu anaolewa baada ya mavuno," bibi alisema akihema. "Wanasema mna kibao. Mimi sijui kusoma. Kinasemaje?"

Generoza alifungua mdomo, lakini mumewe alikuwa ameshaanza.

"Kinasema tuna vyombo vya harusi na msiba. Kikivunjika, hakuna ugomvi."

Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba maandishi ni kitu kimoja na watu ni kitu kingine. Macho yake yakaishia kwa Ngeleja, aliyekuwa amejificha kidogo nyuma ya masufuria, kwa sababu ndiye aliyeonekana hana faida na biashara ile.

"Wewe mwenye fimbo. Ni kweli?"

Ngeleja alikohoa. Alitazama debe la vipande lililokuwa likichungulia juu ya mzigo, akaitazama barabara ilikokwenda pikapu.

"Ni kweli, mayu," alisema. "Nilitamani sana yasiwe kweli. Lakini nimeona kwa macho yangu."